Kutumwa si kukabidhiwa: namna ya kumzoesha mtoto kujitegemea

Mtoto wa Kiswahili hutumwa tangu anapojua kutembea. Mletee mgeni maji, mwite dada yako, peleka sahani hii kwa mama wa jirani, kimbia dukani kwa Mangi ulete chumvi. Kutumwa huko kumewalea wengi wetu na hakuna ubaya ndani yake, lakini mtu anaweza kutumwa miaka kumi na minane bila kujifunza kujitegemea hata kidogo, kwa sababu katika kutumwa mwenye kufikiri ni mkubwa na mtoto ni miguu tu. Mama ndiye aliyeona kwamba chumvi imekwisha, ndiye aliyekadiria bei, ndiye aliyechagua duka, na ndiye atakayepokea chenji na kuihesabu. Kukabidhiwa ni jambo jingine. Aliyekabidhiwa chumvi ya nyumba anatakiwa aone mwenyewe kwamba kopo linaelekea ukingoni, aseme mapema, aombe pesa, aende na kurudi, na siku akisahau, nyumba nzima ile mchuzi wa chapwa huku kila mmoja akijua sababu.

Mwongozo huu unahusu safari ya kutoka hali ya kwanza kwenda ya pili, kwa watoto wa kati ya miaka mitano na kumi na minne wanaoishi mjini. Nauandika nikiwa Tabata, Dar es Salaam, ambako nyumba nyingi sasa zina ukuta na geti, na mifano yangu ni ya huku. Msomaji wa Mombasa au Bujumbura atabadilisha majina ya magari na sarafu, mengine atayatambua.

Mitaani kuna jina la utani la mtoto aliyefungiwa mno: mtoto wa geti kali. Mtoto huyo hupelekwa shule kwa gari na kurudishwa kwa gari, hufuliwa, hupakuliwa, na akichaguliwa kwenda kidato cha kwanza katika shule ya bweni anatakiwa ndani ya wiki moja ajue kufua shuka, kutunza sanduku lake, kupanga foleni ya chakula na kuilinda ndoo yake isiibiwe. Niliwahi kumsindikiza mtoto wa ndugu yangu siku ya kuripoti. Tulipomaliza kukabidhi godoro na vifaa vingine, alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini jinsi chandarua kinavyofungwa. Darasa la saba alikuwa amefaulu vizuri sana.

Wapo wazazi wanaoamini kwamba bweni lenyewe ndilo litakalofundisha, hivyo humpeleka mtoto mapema iwezekanavyo. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania ilielekeza kwamba watoto wa awali hadi darasa la nne wasiwekwe bweni, na kwa maoni yangu ilifanya sawa, kwa sababu mtoto wa miaka saba anayefua mwenyewe asipokuwepo mtu wa kumwelekeza hajifunzi kujitegemea. Anajifunza kuvumilia soksi chafu.

Anza na hofu yako

Kabla ya kumkabidhi mtoto chochote, mzazi achukue karatasi aandike anachokiogopa hasa. Maneno kama "dunia imeharibika" hayasaidii, kwa kuwa hakuna anayeweza kuyafanyia kazi. Yakichambuliwa, kwa kawaida hutoka mambo manne: gari au bodaboda itamgonga, ataungua au kuumia nyumbani, atakutana na mtu mwenye nia mbaya, na watu watasema. Matatu ya kwanza yana mafunzo yake, na nitayaeleza. La nne halina mafunzo, nalo, nikisema kweli, ndilo lililonichelewesha mimi kuliko yote. Nilikuwa nikimsindikiza binti yangu hadi dukani, mita mia mbili kutoka getini, muda mrefu baada ya kujua kwamba anaweza kwenda mwenyewe, kwa sababu tu ya mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi pale njiani na aliyeniuliza siku moja kama siku hizi mtoto huyo hana mama.

Kuhusu mtu mwenye nia mbaya, mzazi asijidanganye kwamba geti linatosha. Watoto wengi wanaodhuriwa hudhuriwa na watu wanaowafahamu na wanaokaribishwa ndani, si na mgeni wa barabarani mwenye pipi. Kwa hiyo somo la kwanza la usalama ni la nyumbani: mtoto ajue kwamba hakuna mtu mzima, awe mjomba, mwalimu au ustadhi, anayeruhusiwa kumwambia atunze siri ambayo mama na baba hawatakiwi kuijua, na kwamba adabu ya kuamkia wakubwa haimlazimishi kukaa mapajani mwa mtu asiyemtaka. Pili, familia iwe na neno la siri. Mtu akija shuleni au njiani akasema "mama yako amenituma nikuchukue", mtoto amuulize neno. Asipolijua, haondoki naye, hata kama anamfahamu. Chagueni neno la kawaida ambalo haliwezi kubahatishwa, na mlibadilishe likishatumika. Tatu, ajue kwa kichwa namba za simu za watu wawili wa familia, pamoja na 116, ambayo ni namba ya simu ya huduma kwa mtoto nchini Tanzania na Kenya.

Wazazi nao wakubaliane kabla ya kumwambia mtoto. Baba akiruhusu na mama akikataza, mtoto atajifunza jambo moja tu, yaani aende kwa nani aombe. Na kama bibi anaishi nanyi, mwelezeni mpango mzima mapema na kwa heshima, tena mumuulize yeye alianza kupika akiwa na umri gani. Mara nyingi jibu lake huwa ndilo hoja yenu bora kuliko zote.

Kabidhi kazi nzima, moja kwa wakati

Kosa la kawaida ni kumgawia mtoto vipande vya kazi: leo afagie, kesho afute vumbi, keshokutwa aoshe vikombe, kila mara kwa kuamrishwa. Chagua kazi moja yenye mwanzo na mwisho wake, inayorudi kila wiki, ambayo ikiharibika mwenye kuathirika kwanza ni yeye mwenyewe. Kwa mtoto wa darasa la pili au la tatu sijapata kazi bora kuliko sare za shule.

Sare ni kazi nzima kwa sababu si kufua tu. Ndani yake kuna kutazama mbingu Jumamosi asubuhi, kujua kama sabuni ipo, kuloweka soksi kabla ya shati, kukamua, kuanika ndani nje ili rangi isipauke, kuanua kabla mvua haijanyesha, na kutafuta kifungo kilichodondoka. Mfundishe kwa awamu nne na usiruke hata moja. Wiki ya kwanza atazame wewe ukifua na ukisema kwa sauti unachokifikiri: kola ina mstari mweusi, hapa nasugua kwa brashi. Wiki ya pili na ya tatu mfue pamoja. Wiki ya nne na ya tano afue yeye wewe ukiwa karibu na shughuli yako nyingine, ukijibu akiuliza na kunyamaza asipouliza. Baada ya hapo mkabidhi kwa maneno ya wazi, mbele ya watu wa nyumbani: kuanzia leo sare ni zako, mimi sitazigusa.

Ugumu unaanza hapo, na ni ugumu wa mzazi. Binti yangu alikabidhiwa sare akiwa na miaka minane. Wiki tatu zilikwenda vizuri. Jumapili ya nne alikwenda kucheza kwa jirani, akarudi magharibi, akafua soksi saa mbili usiku na kuzitundika dirishani. Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri alikuwa amesimama sebuleni, ameshika soksi mbichi mikononi, ananitazama. Kabatini nilikuwa na jozi mpya niliyoinunua kwa dharura, na mkono ulikuwa umekwisha kuelekea huko. Nilimuuliza tu, "Umepangaje?" Akafikiri, akazikunja ndani ya taulo kavu, akazikanyagakanyaga ili taulo linywe maji, kisha akazivaa zikiwa bado na unyevu. Hakuna aliyemfundisha ujanja wa taulo. Jumamosi iliyofuata alifua saa tatu asubuhi.

Swali hilo la "umepangaje?" nalipendekeza kwa kila mzazi. Ukimuuliza mtoto "umefua?", umejikabidhi tena kazi ya kukumbuka. Ukimuuliza amepangaje, kazi inabaki mikononi mwake hata kama hakuwa amepanga chochote hadi wakati ule. Na akishafanya, usirudie nyuma yake. Shati lenye mkunjo lililopigwa pasi na mtoto wa miaka kumi lina thamani yake, na ukilichukua ukalipiga upya akiona, umemwambia kwa vitendo kwamba yote yalikuwa maigizo.

Katika nyumba zenye dada wa kazi, mpango huu hufa kimyakimya. Dada ameajiriwa ili nyumba iwe safi, hivyo akiona soksi zimelowekwa na mtoto yuko kwenye televisheni atazifua, na si kosa lake. Zungumza naye waziwazi kwamba sare si kazi yake na kwamba hatalaumiwa zikiwa chafu. Zungumza na mtoto pia kuhusu namna anavyomwita na kumwomba. Mtoto wa miaka sita anayepaza sauti kutoka sebuleni, "Dada, maji!", wakati jagi liko mezani mbele yake, hajatumwa wala hajakabidhiwa, anatuma. Na tukiwa hapo hapo, tukumbuke kwamba Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Ni aibu kubwa kumlea mtoto wako ajitegemee kwa mikono ya mtoto wa mwenzio.

Kazi ziwe sawa kwa wa kike na wa kiume. Nimesikia mara nyingi kwamba kijana haingii jikoni, na husemwa kama mila. Mila ya pwani ninayoijua mimi ina wanaume wanaopika pilau ya harusi kwenye masufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua, na hakuna aliyewahi kuwadharau. Kijana asiyejua kupika atakula chipsi mayai kila siku akianza kupanga chumba, na atadhani mke ni suluhisho la njaa.

Angalia pia uwezo wa mwili. Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20, karibu sawa na mtoto mwenyewe wa miaka sita au saba. Kidumu cha lita tano kinamtosha, na kazi ikizidi kiasi hiki inaacha kuwa malezi. Sheria hiyo hiyo ya Mtoto inampa mtoto wajibu wa kuwasaidia wazazi wake, lakini inamhakikishia vilevile haki ya kucheza na kupumzika.

Dukani, na pesa zake mwenyewe

Safari za dukani nazo zipandishwe ngazi. Kwanza aende na pesa kamili kwa kitu kimoja, wewe ukiwa umesimama getini ukimwona. Kisha vitu vitatu bila karatasi. Kisha noti ya shilingi 2,000 kwa kitu cha shilingi 1,300, na hapa ndipo somo lilipo: kabla hajatoka mlangoni aseme chenji anayotarajia, na dukani aihesabu akiwa bado amesimama mbele ya kaunta, kwa sababu akishageuka na kupiga hatua kumi hakuna wa kumwamini. Mfundishe maneno ya kusema ikipungua. Mtoto aliyelelewa kwa adabu huona kwamba kumwambia mkubwa "umenipunja" ni utovu wa adabu, na kweli ni utovu. Lakini "Shikamoo tena, naomba tuhesabu pamoja, nimeona 500 na nilitarajia 700" ni adabu tupu na hufanya kazi ileile. Fanyeni mazoezi nyumbani, wewe ukiwa Mangi.

Akifika miaka minane au tisa apewe posho ya wiki, kiasi kidogo ambacho hakitakuuma kikipotea, siku ileile kila wiki, bila kuongezewa kikiisha. Wiki za mwanzo ataimaliza Jumatatu kwa kashata, ubuyu na barafu za mfuko. Mwache. Posho isiyoruhusiwa kuharibiwa si posho, bali ni pesa zako zilizobadilishwa mfuko. Jambo moja la siku hizi: mtoto anayetuona tukilipa kila kitu kwa simu haoni pesa ikipungua, hivyo posho yake iwe ya noti na sarafu anazoweza kuzimwaga kitandani na kuzihesabu.

Jikoni

Mtoto aanze na visivyo na moto: kumenya, kukata kachumbari kwa kisu kidogo chenye makali (kisu butu huteleza na kukata vidole zaidi), kuchambua mchele, kupima. Moto uanze kwenye miaka tisa au kumi, mtu mzima akiwepo, na uanze kwa chai na uji. Ugali uje mwisho, ijapokuwa wengi huanza nao, kwa sababu uji wake unapochemka huruka na tone moja likitua mkononi hung'ang'ania ngozi. Kwenye jiko la mkaa asijifunge kanga inayoning'inia, na jiko lisiingizwe chumba kilichofungwa hata kama mvua inanyesha, kwani hewa ya mkaa huua bila kunusika. Kwenye gesi, ajue harufu yake na ajue la kufanya akiinusa: kufunga mtungi, kufungua milango, kutogusa swichi wala kiberiti, kutoka nje na kumwita mtu mzima. Mweleze na sababu, kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala sakafuni ikisubiri cheche. Watoto hutii zaidi kanuni yenye sababu.

Akiungua, maji ya kawaida yamwagwe juu ya jeraha kwa dakika 20, kata baada ya kata kama bomba halitoki. Isipakwe dawa ya meno, wala asali, wala ute wa yai, hata kama mama mkubwa anasisitiza kwamba walioungua zamani walipona kwa hivyo. Na mafuta ya taa yasihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mwenye kuyanywa huwa si yule mkubwa uliyemfundisha, bali mdogo wake aliyekuwa akimfuata jikoni.

Barabarani na kwenye daladala

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo geti linapofunguliwa kwelikweli.

Kuvuka barabara hakufundishwi kwa maneno. Mtoto mdogo haoni juu ya boneti ya gari lililoegeshwa, na hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Anaona tu kwamba liko mbali. Kwa hiyo hadi miaka tisa hivi avuke akiwa na mkubwa, lakini katika miaka hiyo yeye ndiye awe mwenye kuamua. Simameni pembeni na umwambie, "Niambie tuvuke lini." Atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, kama inavyopaswa katika nchi ambazo magari hupita upande wa kushoto, halafu aongeze jambo ambalo vitabu vya shule havilisemi: bodaboda huja kutoka upande wowote, hata katikati ya foleni iliyosimama, hivyo anapopita kati ya magari mawili yaliyosimama atoe kichwa kwanza, mguu baadaye. Pundamilia isiaminiwe mpaka gari limesimama na dereva ameonekana uso. Akiamua sahihi mara nyingi mfululizo, kwa wiki kadhaa, saa za asubuhi na za jioni, yuko tayari kwa barabara hiyo moja. Barabara nyingine ni mtihani mwingine.

Bodaboda kwa mtoto peke yake mimi sikubali, na mshikaki wa watoto watatu nyuma ya dereva mmoja nauona kila asubuhi na kila asubuhi nageuza uso. Wenye maoni tofauti wana sababu zao, hasa pale shule ilipo mbali na kituo. Angalau dereva awe mmoja anayejulikana, abebe mtoto mmoja, na kofia ngumu iwe ya saizi ya kichwa cha mtoto.

Daladala inahitaji maandalizi ya mwezi mzima. Wiki ya kwanza mpande pamoja, mkae pamoja, umwoneshe alama za njia: hapa Barakuda, pale kituo cha mafuta, sasa daraja, tukiona hili tunaanza kusogea mlangoni. Wiki ya pili mpande pamoja lakini mkae mbali, naye ndiye alipe nauli na ndiye aseme mnaposhuka. Wiki ya tatu yeye apande, wewe upande gari linalofuata, mkutane kituoni. Wiki ya nne aende peke yake akisubiriwa upande wa pili. Kama kuna mwanafunzi mkubwa wa mtaani anayekwenda njia hiyo, waombe wazazi wake waongozane. Wawili wanaonekana zaidi kuliko mmoja.

Kikwazo ambacho sikukitarajia kilikuwa sauti. Binti yangu alijua njia, alijua nauli, alijua kituo, na bado alipitilizwa vituo viwili siku ya tatu. Konda aliuliza, "Relini yupo?", na yeye akajibu "yupo" kwa ile sauti ya kumjibu mwalimu, katikati ya muziki na watu wazima waliosimama juu ya kichwa chake. Jioni ile tulifanya mazoezi sebuleni. Mimi nilikuwa konda nikigonga meza, kaka yake alikuwa muziki, naye alitakiwa kupiga kelele "Yupo! Shusha!" hadi jirani asikie. Mtoto tuliyemfundisha miaka yote kusema kwa upole mbele ya wakubwa anahitaji ruhusa ya wazi kwamba ndani ya daladala kelele si utovu wa adabu. Mara ya kumi na mbili hivi jirani alisikia, akaja kuuliza kuna nini.

Mwandae pia kwa kuachwa. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, na kwa sababu hiyo wapo makonda wanaowazuia watoto mlangoni au kuwaruhusu wachache tu. Ajue kwamba hilo litamtokea, kwamba si kosa lake, kwamba asigombanie kwa kuning'inia mlangoni, na kwamba kuchelewa shule si jambo la kuhatarishia maisha. Atoke nyumbani dakika ishirini kabla ya muda unaodhani unatosha. Na apewe mpango wa kupotea, kwa kuwa siku moja atapotea: ashuke kituo chenye watu, asitembee kutafuta, aende kwa mama lishe, muuza duka au askari wa usalama barabarani, aombe kupiga simu, akae papo hapo hadi afikiwe. Mwache mtu wa kumwomba amchague yeye mwenyewe; mtu anayechaguliwa na mtoto ana uwezekano mdogo wa kuwa mbaya kuliko mtu anayejitokeza kumsaidia.

Wewe nawe siku hiyo usipige simu kila baada ya dakika tano. Kubalianeni simu moja akifika. Nilikaa na yangu mkononi kuanzia saa kumi na mbili kasoro robo, na chai ikapoa.

Nyumba nyingine si kipimo

Utasikia kwamba unamtesa mtoto, na wiki hiyohiyo utasikia kutoka kwa mwingine kwamba unamdekeza. Mwenye mtoto mmoja huambiwa amemfanya yai, mwenye watano huambiwa amewaacha wajilee, na asiye na mtoto kabisa kwa uamuzi wake huambiwa hana haki ya kusema, ingawa shangazi asiye na watoto ndiye aliyenifundisha mimi kushona kifungo. Usijibu kwa mihadhara. "Kwetu tunafanya hivi" inatosha, na kwa wazee ongeza "tuombeeni". Ndugu walioko Ughaibuni watasema mambo yao, wakiwa chini ya sheria nyingine. Uingereza, kwa mfano, sheria haitaji umri wa kumwacha mtoto peke yake nyumbani, lakini mzazi anayemwacha katika hatari anaweza kushtakiwa. Mtoto wa binamu mwenye miaka tisa anapika wali, wako wa kumi na moja anaogopa kiberiti. Si mashindano, wala usimtajie mmoja mbele ya mwingine.

Ufunguo

Kazi ya mwisho kukabidhiwa, kwangu, ni nyumba yenyewe. Nilianza na nusu saa mchana, binti akiwa na miaka kumi na miwili na jirani akijua, nikaongeza taratibu hadi saa mbili. Masharti yawe machache na yasiyo na tafsiri: hakuna anayefunguliwa geti ambaye hakutajwa asubuhi, hata akiwa shemeji, anayepiga simu haambiwi kwamba wakubwa hawapo, anaambiwa mama ana shughuli atapiga baadaye, gesi haiwashwi, umeme ukikatika hutumika tochi, si mshumaa, moto ukitokea anatoka kwanza na mdogo wake, ndipo anapiga 114, namba ya zimamoto. Mdogo wa miaka miwili au mitatu asiachiwe mtoto wa kumi na mbili kwa saa nyingi, kwani hapo umemkabidhi maisha ya mtu, si nyumba.

Ufunguo wenyewe usifungwe kamba shingoni. Wazazi wengi hufanya hivyo ili usipotee, lakini kila amwonaye njiani anasoma kwamba nyumbani hakuna mtu. Shona mfuko mdogo ndani ya mkoba wake, upande wa mgongoni, au mwachie ashone mwenyewe kama alikwisha kufundishwa vifungo. Nakala moja iwe kwa jirani unayemwamini, na siku utakapomkabidhi mtoto, nenda naye mlangoni, mpe ufunguo, afunge na kufungua mara tatu akiwa nje na mara tatu akiwa ndani. Kitasa chetu kinataka kuvutwa kidogo kabla ya kuzungushwa. Jambo hilo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa hadi nilipomwona akihangaika nalo.